Siku ya Kuingia, Saa ya Kutoka

Jumamosi saa nne asubuhi wanawake watatu, fundi cherehani na marafiki zake wawili, muuguzi na mwalimu, walikuwa kwenye foleni ya makumbusho ya mji mkuu. Zamani jengo lile lilikuwa makao ya polisi wa siri. Wenzake walikuja kutembea tu. Yeye alikuja kwa sababu kaka yake alikamatwa na polisi hao miaka thelathini na moja iliyopita, na barua ya serikali ikamwambia mama yao kwamba kijana hakufikishwa humo hata siku moja, alitoroka nchi. Tangu hapo mtaani mama aliitwa mama wa mtoro.

"Miguu inaniwaka moto," mwalimu alilalamika walipofika ghorofa ya pili.

"Nani alikwambia uvae viatu vya harusi?" muuguzi akamjibu.

Mwongozaji wa wageni alifungua mlango wa chumba kimoja. "Hapa palikuwa stoo ya karatasi," alisema.

Humo ndani kaka yake fundi alikuwa ameketi sakafuni, bado ana miaka kumi na tisa, shati limekatika vifungo viwili.

"Umezeeka, mdogo wangu," alimwambia fundi.

"Na wewe umekonda, kaka. Inuka twende."

Muuguzi alimshika kifundo cha mkono. "Mapigo hakuna," alisema, "ila ngazi ataziweza."

Chini, kwenye mlango mkuu, mlinzi aliwazuia. "Huyu simwoni kwenye kitabu cha wageni. Hapa hatoki mtu bila kuandikwa."

"Aandike nini?" mwalimu aliuliza.

"Jina, siku ya kuingia, saa ya kutoka. Kama wote."

Kaka aliandika jina lake lote kwa mwandiko wa shule. Siku ya kuingia aliweka Jumanne ile ya miaka thelathini na moja iliyopita. Saa ya kutoka, sita na robo. Mlinzi aliusoma mstari wote, hakuona kosa, akaugonga muhuri wa serikali.

Fundi aliupiga picha ukurasa, kisha akampigia mama. "Wameandika, mama. Na muhuri wameugonga. Alikuwa humu, hakukukimbia."

"Mpe simu."

"Shikamoo, mama," kaka alisema.

"Marahaba. Umechelewa."

Kisha mama akapiga vigelegele, majirani wakaitikia, na wale wanawake watatu wakavipokea palepale mlangoni. Mwongozaji, aliyekuwa akiingiza kundi jingine, alingoja vitulie. Halafu akawaeleza wageni wake kwamba humo ndani hakuwahi kufungwa mtu. Kaka akawapisha, akatoka nje.