Visima vya Bwana Shauri

Twalibu wa Dutumi alikuwa tarishi katika boma la Kisarawe, na Kiingereza chake alikipata shimoni. Ujanani mwake aliwahi kufanya kazi na Mzungu mmoja aliyekuwa akichimba visima kando ya reli. Huko alijifunza kusema kamba, ndoo, mwamba, vuta, acha, na zaidi ya yote neno *well*, yaani kisima, ambalo Mzungu yule alilitaja kutwa nzima. Hakuna aliyemwambia kwamba neno hilo lina kazi nyingine.

Kiangazi cha mwaka thelathini na nne, Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alipanga safari ya kukagua muhogo katika vijiji vya nyuma ya Maneromango. Alikuwa mgeni nchini na Kiswahili chake kilikuwa bado hakijavuka salamu. Siku ya kuondoka, mkalimani wake Adamu alilala na homa. Bwana akataka kujua nani mwingine anayesikia Kiingereza, na Twalibu akajitokeza. Hakuona kuwa anasema uongo.

Kijiji cha kwanza kilikuwa cha Jumbe Kibwana. Watu walikuwa wamekusanyika barazani tangu asubuhi. Kabla Jumbe hajamaliza kukaribisha, bibi mmoja aitwaye Mwanamvua alisimama, akaeleza kwamba maji wanayachota bwawani, mwendo mrefu, na kwamba nguruwe huwahi kuyaoga kabla wao hawajafika. Twalibu alimfikishia Bwana maneno hayo kwa kadiri alivyoweza, ambayo ilikuwa maji, mbali, nguruwe.

Bwana Shauri alitikisa kichwa kwa huruma, akaanza kusema. Alisema mengi, na Twalibu akawa anayapoteza kama mtu anayefukuza kuku jioni. Ila neno moja lilikuwa likirudi kila mara. Bwana alinyoosha kidole kwenye shamba la muhogo, akataja kisima. Alitazama watoto, akataja kisima. Mwishowe akawasha kiko, akautazama umati, akasema polepole: *well, well, well*.

Twalibu alihisi kifua kinapanuka. Aliwageukia watu.

"Bwana anasema muhogo wenu ameuona na watoto wenu amewaona," alisema. "Serikali itawapa visima. Vitatu."

Vigelegele vilipigwa. Bwana Shauri, ambaye hakujua kuwa sifa za muhogo zingeweza kupokewa kwa furaha kiasi kile, alivua kofia. Jumbe Kibwana akanong'ona kuwa lingekuwa jambo jema kujua vitachimbwa wapi. Twalibu akamuuliza Bwana, kwa Kiingereza chake, kisima wapi. Bwana akadhani anaulizwa waelekee wapi sasa; akaelekeza fimbo kwenye njia ipitayo nyuma ya nyumba ya Mwanamvua, kisha akaishika.

Baada ya safari, Adamu alipopona, Twalibu alimsimulia kazi yake kwa majivuno ya kiasi. Adamu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kuwa neno lile ni kisima, lakini pia ni vizuri, na pia ni mzima wa afya, na mara nyingi si kitu chochote, ni Mzungu anatafuta la kusema.

"Na yakiwa matatu mfululizo?" aliuliza Twalibu.

"Ni haya, haya, haya. Alikuwa anaaga."

Twalibu hakula siku ile. Alfajiri aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, kwa kuwa kusingekuwa na ruhusa ya jambo lenyewe, akashika njia ya Maneromango kwa miguu.

Alikuta wanaume wa kijiji wako shimoni. Hawakuwa wamemngoja mtu. Kwa maelezo ya Jumbe, Serikali ikishaonyesha mahali, kuchimba si kazi ya kungojeana. Shimo la kwanza lilikuwa limefika kwenye mwamba na kuachwa. La pili lilikuwa na kina cha watu wawili, na kavu. Twalibu alisimama ukingoni, akawaambia yote: kwamba neno lile alilijua kwa kuchimba visima tu, kwamba Bwana alisifu muhogo, alisema watoto wana afya, na kisha aliaga.

Mwanamvua, aliyekuwa amekalia rundo la udongo, ndiye aliyesema kwanza.

"Kwani alikataza visima?"

Twalibu alifikiri, akasema hapana, neno la kukataza hakulisikia.

"Basi wewe mwenye kazi hiyo unasimama juu unatafuta nini?"

Twalibu akavua kanzu, akateremka. Huko chini alijikuta mahali ambapo alijua kila kitu kwa jina lake. Aliona kuta zinataka kumeguka, akaagiza magogo ya kuzizuia. Alinusa udongo, akaamuru wahame kidogo upande wa mteremko. Walichimba kwa zamu, yeye akilala kwa Jumbe, na siku za ruhusa ya mazishi zikapita zamani. Mchanga ulipoanza kutoa jasho la maji, hakuna aliyepiga kigelegele. Watu walikuwa wamechoka. Mwanamvua aliyaonja, akasema yana chumvichumvi, akajaza mtungi.

Bomani Twalibu alikuta nafasi yake imepewa mwingine. Hakubishana. Alirudi kwa Jumbe Kibwana, akapewa mahali pa kulima, akaoa mpwa wa Mwanamvua aitwaye Mwanne.

Mwaka uliofuata Bwana Shauri alipita tena, safari hii na Adamu. Aliyanywa maji ya kile kisima, akauliza nani aliyetoa wazo. Jumbe Kibwana alijibu kuwa ni yeye mwenyewe Bwana. Adamu alitafsiri neno kwa neno. Bwana Shauri alijaribu kukumbuka, kisha akasema kuwa ndiyo, anakumbuka.