Aliyebonyeza

…kwa maana gundi haimsubiri mtu, ikishapakwa mgongoni mwa kitabu imepakwa, na fundi anayeinua kichwa kabla brashi haijafika mwisho atakuja kuziona kurasa zikidondoka moja moja kama meno ya kizee, ndivyo alivyofundishwa ujanani na ndivyo alivyowafundisha wenzake kwa miaka thelathini na minne, na ndiyo sababu hainui kichwa sasa, bintiye anapomwita kutoka kwenye meza ya kompyuta, "Baba, hebu njoo utazame hii," amesikia, amesikia vizuri sana, ila brashi iko katikati ya mgongo wa kitabu cha nyimbo, cha arobaini kati ya sitini vilivyoletwa na kanisa kujalidiwa upya, kimebanwa kwenye kibano cha mbao, uzi umekaa sawa, gundi ni ya moto na inanuka vile inavyonuka siku zote, ngozi na moshi, na mkono unakwenda wenyewe, polepole, juu kuja chini, lakini moyo… moyo umesimama mlangoni kama mgeni, kwa sababu maneno hayo si ya binti, maneno hayo yana mwenyewe, na mwenyewe yuko chini ya udongo, huu mwezi wa nane. Hebu njoo utazame hii. Mungu wangu, hata sauti ni ileile, ikipanda kidogo mwishoni, na huyu hajui, huyu Kitinda, wa mwisho katika watoto watatu, aliyeacha kazi yake na kurudi nyumbani baada ya mazishi ili baba asilale na njaa, hajui amesema nini, anaendelea tu, "Imekuja barua pepe nyingine, Baba, ileile iliyomkamata Mama, wala hawakuona haya hata ya kubadilisha maneno, sikiliza," na anasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "Mpendwa Mteja, akaunti yako ya malipo imesimamishwa, thibitisha taarifa zako ndani ya saa ishirini na nne, la sivyo itafungwa kabisa," halafu anacheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake, "Mpendwa. Wale wa kampuni wenyewe hawajatupenda hata siku moja, wakituandikia wanataja jina na wanakata ada yao."

Anataka kucheka naye, mdomo hautaki. Anachovya brashi. Ilikuwa Jumatano, na yeye hakumbuki siku, mambo ya siku alikuwa akimwachia mkewe, lakini ile anaikumbuka, Jumatano, saa nne asubuhi, jua limefika kwenye mguu wa meza kama lilivyofika sasa, mkewe amekaa kwenye mto wake wenye maua ya buluu kwa sababu kiti kilimuumiza kiuno, mwanamke aliyeishia darasa la saba kama yeye, aliyejifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini na miwili kwa kudonoa herufi kwa kidole kimoja, akawa anauza madaftari ya ngozi ambayo mumewe ameyashona kwa watu wa mbali ambao hawatawaona hadi kiyama, wao wanalipa kwa mtandao na yeye anafunga vifurushi, na kila kifurushi anakiombea kabla ya kukipeleka posta, kifike salama, Bwana, na kimkute mwenyewe mzima… "Anwani yao hii hapa, tazama walivyochomeka herufi moja ya ziada," anasema binti, "ukisoma haraka huioni, na hiki kitufe, ukikiwekea kishale juu tu, usibonyeze, kinakuonyesha kinakokwenda, na hakiendi kwa kampuni ya malipo, kinakwenda kusikojulikana, halafu haraka yao, Baba, saa ishirini na nne, mtu mwenye haki yake anakugongea mlango hivyo?" Hagongi hivyo, mwanangu, anajibu moyoni, mwenye haki yake anakohoa kwanza nje, anapiga hodi, anasubiri… na mkewe alikuwa hivyo, alipiga hodi hata kwa mume wake wa miaka thelathini, hakusema njoo, alisema hebu, Baba Kitinda, hebu njoo utazame hii, rangi yake naiona kama siyo, wewe ndiye mwenye macho.

Wewe ndiye mwenye macho. Na ni kweli, si majivuno, Mungu alimnyima mengi akampa macho, ubao ukikatwa ukapungua unene wa unywele anauona akiwa amesimama mlangoni, ngozi mbili zilizotiwa rangi siku mbili tofauti hazimdanganyi, wateja wamezoea kumtania, wewe mzee ungezaliwa tai. Na macho hayo yalikuwa wapi Jumatano? Yalikuwa kwenye gundi. "Wanasemaje?" aliuliza bila kugeuka. "Wanasema nibonyeze hapa, nithibitishe." "Basi wakisema bonyeza, bonyeza, mwenzangu, gundi inakauka." Kimya kidogo. Angeweza kukipima kile kimya hata leo, kilikuwa na urefu wa brashi moja kutoka juu hadi chini. "Nibonyeze?" "Bonyeza." Akabonyeza… na ikasikika, tik, kitu kidogo kama mdudu akigonga kioo, na yeye akafika mwisho wa mgongo wa kitabu, mstari umenyooka, akaridhika, Mola amsamehe, aliridhika.

"Mimi siifuti tu," binti anasema, "nairipoti, na siripoti kwa kupitia humu kwenye barua yao, nimeandika mwenyewe anwani ya kampuni yenyewe, herufi kwa herufi, wana ukurasa wao wa mambo haya, kuna fomu," na mikono yake inaanza kugonga vibonye, haraka, vidole kumi vyote, mama yake angeshangilia kuviona. Kesho yake baada ya Jumatano ile akaunti ilikuwa kavu kama mtungi uliotoboka, na oda kumi na moja za watu ziko mezani, na yeye alisema nini, mzee wa kanisa, mtu wa sala asubuhi na jioni, alisema, "Ungeangalia vizuri." Hivyo tu. Na mkewe akamtazama, akamtazama muda mrefu kama anayesoma maandishi madogo, akasema, "Ni kweli, ningeangalia." Mpaka leo hajui kama mkewe alikuwa amesahau ni nani aliyesema bonyeza, au alikuwa amekumbuka… alijua, alijua, nani angesahau, lakini Jumapili ile shemeji alipokuja, kaka mkubwa wa mkewe, yule ambaye watoto humwita Mjomba Kipaza kwa sauti yake, akauliza mbele ya wageni, "Sasa ni nani hasa aliyebonyeza?" mkewe alikuwa amebeba sinia la chai, hakulitua, alisema, "Ni mimi niliyebonyeza," na Kipaza akapiga paja, "Dada yangu na kompyuta ni kuku na kioo, anadonoa kivuli chake akidhani amepata mwenzake," na watu wakacheka, na yeye, mume, alicheka pia, si sana, meno tu. Chai ile aliinywa. Ilikuwa na sukari ya kutosha.

"Umewahi kupokea barua kama hii hapo nyuma? Ndiyo," binti anasoma na kujijibu, tik, "lini, mwaka jana, mwezi wa sita," na brashi imesimama sasa, hajui imesimama tangu lini, tone moja linaning'inia, nalo ni zito… mwezi wa sita, na wa kumi tukamzika, na katikati yake mwanamke yule aliandika barua kumi na moja za kuomba radhi, kwa mkono, kwa wino, watu wa mbali wale wakarudisha majibu ya upole, mmoja alimtumia picha ya paka wake, na alipomaliza barua ya mwisho akaifunika kompyuta kwa kitambaa cheupe, akakilaza na kukinyoosha pembe zote nne, kama mtu anayemfunika… na hakuketi tena hapo, akawa anakaa kwenye ngazi ya nyuma akichambua nyuzi ambazo tayari zilikuwa zimechambuliwa. Daktari alisema, "Moyo ulikuwa umechoka siku nyingi, mzee wangu, usijitafutie sababu," na yeye akayameza maneno yale kama dawa, asubuhi na jioni, usijitafutie, usijitafutie, na makaburini Kipaza akaomba kwa sauti yake ile, ee Baba, umsamehe mja wako makosa yake aliyotenda kwa kutojua, na hapakuwa na mtu asiyejua ni kosa gani, na yeye mstari wa mbele, kofia mkononi, akaitikia Amina. Alisema Amina. Ardhi ilikuwa wazi miguuni pake, na alisema Amina.

"Kuna aliyebonyeza kiungo? Ndiyo. Nani?" Vidole vinasimama. "Baba, hapa niandike Mama tu, au niandike marehemu mama yangu? Inasikika vibaya, eti? Kama tunamsema." Naam, hapo, hapo amwambie, usiandike, mwanangu, marehemu husitiriwa, makosa ya wafu hufukiwa nao, hata jirani mbaya akifa tunasema alikuwa mtu wa watu, basi acha, funga hiyo fomu, mwache mama yako alale… maneno yamefika kooni na ni maneno mazuri, ya dini, yana heshima, na ndiyo maana yanamtisha, kwa sababu anajua kazi ya jalada zuri, nani ajuaye zaidi yake, kitabu kilicholiwa na mchwa ndani ukikivika ngozi mpya kitapendeza rafuni miaka ishirini. Amsitiri nani? Yeye ndiye amesitiriwa. Miezi minne akiwa hai na minane akiwa mfu mwanamke yule amemlalia juu kama blanketi, amechekwa yeye, ameombewa msamaha yeye, na chini ya blanketi kuna mwanamume mzima amejikunja, ana joto, anajalidi nyimbo za kanisa. Ipo ile amri ya ushahidi wa uongo, aliikariri darasa la pili akiwa na kaptura iliyochanika, na siku zote alidhani ni amri ya watu wenye midomo, mashahidi wa mahakamani, wambea wa kisimani, hakujua mtu anaweza kuivunja akiwa amefumba mdomo, ana brashi mkononi, kila siku, saa za kazi… "Naandika marehemu mama yangu," anasema binti taratibu, "ukweli ni ukweli, na hapa wamesema majibu yetu yatawasaidia kuwaonya wengine, Mama angependa hilo." Angependa. Alikuwa akiviombea vifurushi, asiwaombee watu? Yuko mwingine sasa hivi, mahali fulani, mkono kwenye kipanya, roho inamwambia siyo, na anageuka kumuuliza aliye naye chumbani…

"Swali la mwisho," binti anasema, na anasoma kama alivyosoma mengine, bila kubadilisha sauti, "Kuna mtu yeyote aliyekushauri au kukuhimiza ubonyeze, kwa simu au kwa njia nyingine? Hilo ni hapana. Alikuwa peke yake." Tik.

Mdudu kwenye kioo. Peke yake… hatua sita, mwanangu, kutoka kiti kile hadi kibano hiki ni hatua sita, alizipima mwenyewe walipohamia, mama yako akasema ni vizuri, tutakuwa tunasikiana. Na anainua kichwa. Gundi ingali nusu ya mgongo, nusu ya pili ni uzi mtupu, na anainua kichwa, shingo inauma kama bawaba iliyokaa miaka bila mafuta, na anatazama, kwa mara ya kwanza anaitazama ile barua, iko upande mmoja wa kioo cha kompyuta na fomu upande wa pili, na juu ya barua nembo ya kampuni ya malipo, ileile ambayo mkewe aliibandika mlangoni ili wateja waione na ambayo yeye ameipita asubuhi na jioni, na kutoka pale aliposimama, bila miwani, jua likiwa limemkabili, anaona. Si buluu yenyewe. Imekufa kidogo, ina ukijivu ndani yake, na kingo zake zimetawanyika kama wino kwenye karatasi yenye unyevu, mtoto angeiona, kipofu angeipapasa. Hakuhitaji kuiacha gundi. Hakuhitaji hata hatua moja kati ya zile sita. Rangi yake naiona kama siyo… siyo, mwenzangu, siyo, uliona sawasawa, wewe ndiye uliyekuwa na macho.

Tone limeanguka mezani na kuganda. Utando umeshatanda juu ya gundi, mwembamba, una mikunjo, na kitabu cha arobaini itabidi kikwanguliwe mpaka kwenye uzi na kuanzwa upya, kwa kuwa juu ya gundi iliyokufa haipakwi nyingine. Binti hajageuka, kidole kiko juu ya kipanya, mabega yake ni ya mama yake, na jua halijasogea kwenye mguu wa meza, au limesogea unene wa unywele.

"Imekamilika, Baba. Nitume?"

"Usitume," anasema, na sauti inatoka nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. "Rudi kwenye swali la mwisho."