Siku ya Kuzima Simu

...na biriani bado haijatoka, jamaa wa dirisha la mgahawa ananiambia ngoja kidogo, bosi, nami nimesimama peke yangu na begi la kupelekea wateja chakula mgongoni, siku nyingine hapa tungekuwa tunasukumana, leo wenzangu wote wamegoma, wako ng'ambo ya barabara, chini ya daraja, wamekaa juu ya pikipiki zao, simu wamezizima, hawaniangalii, Narsimha pekee ndiye aliyepiga kelele, "Oyaa Mallesh, msalimie mshirika wako!" wakacheka, kisha wakaacha, na kuacha huko ndiko kunakouma... washirika, ndivyo kampuni inavyotuita, si wafanyakazi, mshirika gani hujawahi kumwona sura, mwaka jana nilipoteleza kwenye mvua pale Mehdipatnam, mguu ukavunjika, nikawapigia, mashine ikajibu tunathamini ushirikiano wako, bonyeza moja, nikabonyeza nimelala majini, bonyeza mbili, nikabonyeza, na asubuhi yake wakanifungia akaunti kwa sababu chakula cha watu hakikufika... nikabaki kitandani naikodolea macho ile skrini, hakuna mlango wa kugonga, hakuna mtu wa kumlilia, hata wa kugombana naye hakuna, mpaka alipoingia mtu simjui, sauti ya kukwaruza, "Naitwa Sattaiah, natoka chama cha madereva," nikasema mimi si mwanachama, kaka, akasema, "Nani kakuuliza? Mguu unaendeleaje?" yeye na wenzake wakaenda wakakaa kwenye ngazi za ofisi ya kampuni, mvua inawanyeshea, hadi akashuka binadamu wa kweli mwenye shati na tai kuongea nao, akaunti ikafunguliwa, hospitali ikalipwa... na mgomo wa leo unadai hilo hilo, mtu asifungiwe kabla hajasikilizwa, yaani wanagoma kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyewasha simu... Sujatha aliniambia, "Usiende leo, mume wangu, utawatazamaje?" tumbo lake limeshakuwa kubwa, nikamjibu, "Wakinifungia tena, je?" akadhani naogopa njaa, njaa tumeizoea, ninachoogopa ni ule ukimya wa skrini, mtu unapiga kelele na hakuna sikio upande wa pili, niliapa sirudi kule, nikawakimbia hata hawa ili nisirudi, na tazama niliko sasa, si ndiko huku, tofauti ni kwamba safari hii mlango nimejifungia mwenyewe...

"Mallesh!" ni Sattaiah, amesimama, amekinga mikono mdomoni, basi, tusi linakuja, ninalistahili, nakaza uso, lori linapita, moshi, halafu sauti ile ile juu ya honi zote, "Umekula?"... umekula, hivyo tu, na simu inatetemeka kiganjani, inataka kujua kama nimepokea mzigo, ndiyo au hapana, haijawahi kuniuliza swali jingine, nami nimesimama pale pale, natafuta sauti ya kuvuka barabara, bado, kaka, sijala, bado...