Waliosuguliwa kwa Kitambaa Kimoja

Usingizi unanikuta kwenye cherehani, shavu juu ya rundo la nailoni za sare, na nailoni inaninata, inanivuta, napita ndani yake kama sindano na kutokea upande wa pili. Huku barabara hazina mwisho na kila duka ni kioo, na katika kila kioo namwona mdogo wangu Siwatu amesimama kwa mbali akiwa na sanduku lake. Miaka mitatu hatusemeshani, tangu tugombanie kanga ya marehemu mama hadi ikachanika, na leo jioni anahamia Maskati. Namkimbilia. Kitu kinanisukuma kifuani. Nikipunguza masafa nusu, msukumo unakuwa mara nne. Nywele zimenisimama, zake nazo zimesimama. Nageuka nirudi nyumbani, lo, barabara inanirejesha palepale! Nimenaswa, mbele sifiki, nyuma sitoki. Kando yangu yuko mwanamke asiye na uso. Bibi, nifungulie njia, namwambia. Anajibu, waliosuguliwa kwa kitambaa kimoja hukimbiana. Kitambaa gani? Kanga ya mama yenu, aliwafutia nyote machozi kwayo, mkapata chaji moja ya umeme na kiburi kimoja. Hebu niondolee mafumbo yako, mie nina haraka! Haya, mwanangu, sukuma. Nasukuma, na Siwatu anarudi nyuma, anazidi kwenda mbali, nami nalia kwa sauti, maana naona ni mimi ninayemfukuza. Bibi, chaji hutokaje? Hushuka ardhini. Mbona yangu haishuki, na nimesimama ardhini? Anainamisha kichwa kuelekea miguu yangu. Nimevaa ndala za mpira. Ndala hizi hizi nilikanyagia jamvi la matanga ya mama, Siwatu akasema dada, vua, nikasema sivui ng'o, na ugomvi ukaanzia hapo, ukaishia kwenye kanga.

Nazivua. Ardhi inaniunguza nyayo, kitu kinanishuka mwili mzima, nywele zinalala. Zake bado zimesimama, lakini ajabu, sasa hanisukumi, ananivuta. Nanyosha kidole, ananyosha chake. Tap! Cheche inaniuma.

Nashtuka niko kwenye cherehani. Kidole kinaniwasha, labda ni sindano. Ndala zangu ziko nje ya kizingiti, na mimi kazini sizivui kamwe. Kando yake kuna jozi nyingine. Hodi, dada, anasema Siwatu, amesimama mlangoni peku, sanduku mkononi, nywele zinainua ushungi wake. Neno karibu liko mdomoni. Naogopa kulitamka, nisije nikaamka.