Mashtaka ya Ugali Mdogo

Daktari alimaliza naye kwa dakika mbili.

"Mama, una kisukari. Kipimo kimesoma kumi na saba. Acha ugali, acha wali, acha viazi, acha ndizi, acha soda. Utapewa vidonge. Mwambie anayefuata aingie."

Tukuswiga hakunyanyuka. Alikuwa na miaka arobaini na nane, muuza vitenge wa sokoni Tunduma, amezoea kubishana bei na Wazambia tangu asubuhi mpaka jua linazama. Hajawahi kutolewa kwenye kiti na mtu wa umri wa binti yake.

"Nikiacha hivyo vyote, nile nini? Majani ya ng'ombe?"

"Nesi atakuelekeza, mama. Watu wengi wanasubiri."

Alitoka anatetemeka. Si kwa hofu, hofu ilikuja baadaye. Alitetemeka kwa hasira, maana mtu alikuwa amemwondolea vyakula vyote vya nchi hii kwa pumzi moja, kisha akaangalia saa.

Nesi aliitwa Restuta, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyo alivuta karatasi akachora sahani. Nusu ya sahani mboga za majani. Robo maharage, au samaki, au kipande cha nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali.

"Kiasi cha ngumi yako," alisema. "Yako, si ya mumeo. Chai bila sukari, soda basi. Tunda kula, ila moja, usinywe juisi. Utembee nusu saa kila siku mpaka jasho lianze. Vidonge usiruke, na usije ukaviacha kwa sababu mtu kakuuzia chupa ya mizizi."

"Nimekosa nini mimi, nesi?"

"Hujakosa kitu. Umekaa kwenye kiti cha duka miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

"Na kwenu kuna nani mwenye sukari?"

Tukuswiga alicheka kicheko kibaya. "Kwetu hakuna mwenye sukari. Kwetu watu wanarogwa. Mama yangu alirogwa macho, akafa kipofu. Alikuwa anakunywa maji ndoo nzima kwa siku, na watu wanasema ni mke mwenzie."

Restuta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Tangu siku hiyo Tukuswiga akawa anatembea. Alikuwa anakaa Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, na mumewe, Aliko, fundi wa matairi ya malori. Asubuhi alipanda bajaji kama kawaida, lakini alishuka mbali na mjini, akamalizia kwa miguu kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Madereva walimwona mama mnene akipita kwa kasi huku anaongea peke yake. Alikuwa anawagombeza watu. Daktari alipata sehemu yake. Waliomwambia mama yake karogwa walipata yao. Miguu ilipouma aligombeza miguu. Aligundua kwamba hasira inatembea haraka kuliko afya, akaiacha itembee.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na vita. Usiku wa kwanza Aliko aliitazama sahani yake: mlima wa mboga ya maboga, maharage, na ugali pembeni.

"Hiki ni cha nani? Cha mtoto?"

"Ni cha kwako. Wangu huu hapa, ni mdogo zaidi."

"Mama Ruti, mimi siumwi." Alimwita kwa jina la binti yao, Ruti, aliyekuwa chuoni Mbeya. "Natwanga nyundo kutwa. Unipikie chakula cha mgonjwa?"

Kwa wiki mbili Tukuswiga alipika sufuria mbili. Ugali mkubwa wa Aliko ulitoa moshi mbele yake, na yeye alikuwa na njaa. Hakuna aliyemwambia kwamba mwanzoni ni njaa kweli, njaa inayokuamsha, inayokufanya umchukie mtu anayetafuna. Siku moja alijikuta anafuta mwiko kwa kidole na kulamba. Akauweka mwiko chini. Akasema kwa sauti, jikoni hamna mtu, "Sipiki tena sufuria mbili."

Hakupika tena. Aliko alibamiza mlango akaenda kula kwa mama lishe wa barabarani, na akaendelea kwenda huko kila jioni.

Miezi mitatu ikapita. Sukari ilishuka mpaka tisa, mwili nao ukapungua. Hapo ndipo soko likaamka. Mteja wake wa siku nyingi kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alisimama mbele ya vitenge akashika kiuno. "Ba mayo, mwaonda! Mama, umekonda hivi, kuna nini?" Mteja aliuliza waziwazi, angalau. Jirani zake wa soko hawakuuliza. Waliacha kunywa maji kwenye kikombe chake. Mmoja alinong'ona, akijua anasikika, kwamba siku hizi dozi za virusi zinatolewa mpaka Jumamosi. Tukuswiga alikunja kitenge alichokuwa amekishika, akamwendea.

"Nina sukari. Umesikia? Sukari. Na hata ningekuwa na hicho unachokinong'ona, bado kikombe changu kisingekuua. Ulimi wako ndio utakuua."

Alirudi kukaa, na mchana ule hakuuza hata doti moja.

Kilicholeta kikao ni soda. Kaka mkubwa wa Aliko, Shadrack, mnunuzi wa kahawa mwenye Fuso mbili na tumbo la kutangulia, alikuwa na sherehe ya kipaimara cha mwanawe. Mbele ya wageni alimfungulia Tukuswiga soda kwa mkono wake mwenyewe. Tukuswiga akaisogeza, akaomba maji. Shadrack akafungua ya pili. Akaisogeza hiyo pia.

"Shemeji," Shadrack alisema akitabasamu kwa meno tu, "chakula cha nyumba yangu kina sumu?"

"Kwangu mimi, soda ndiyo sumu, shemeji. Nilishakueleza."

Wiki iliyofuata Aliko alikuja na ujumbe, akiutoa huku anaangalia sakafu. Wanaitwa kijijini Mbebe, nyumbani kwa mama yake. Kuna kikao.

"Kikao cha nini?"

"Cha... mambo ya nyumbani."

"Umenishtaki, Aliko? Kwa sababu ya ugali?"

Aliko alichukua nyundo yake akatoka nje. Jumapili walipanda gari Mpemba, wakaifuata barabara ya Isongole, wakapanda milima, na njia nzima Tukuswiga hakumwongelesha mumewe. Alikuwa amebeba mkoba. Ndani ya mkoba kulikuwa na mashine ndogo ya kupimia sukari ambayo Ruti alimletea alipokuja likizo.

Sebule ya mama mkwe, Tusekile, ilijaa. Shadrack alikaa kiti cha marehemu baba yake. Alianza kwa sala, akaendelea kwa maneno ya heshima, halafu akafika kwenye mashtaka. Mdogo wake anakula barabarani kama mtu asiye na mke. Mke wa mdogo wake amekataa chakula cha ukoo mbele ya watu. Mwanamke anayemnyima mume ugali, wazee walisema, anamnyima heshima. Na wengine wanauliza, yeye hasemi, ila wengine wanauliza, kukonda huku kunatoka wapi.

"Umemaliza, shemeji?" Tukuswiga aliuliza.

"Nimemaliza. Uombe radhi tu, yaishe."

Alisimama. Alikuwa amepanga kuongea taratibu.

"Baba yenu alikufa na nini?"

Watu waliangaliana. Hilo halikuwa jambo la kuulizwa na mkwe.

"Nauliza. Nilimuuguza mimi, mlikuwa mmetawanyika kutafuta pesa. Kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Maji usiku kucha. Mkasema jirani kamtegea kitu shambani. Mkamfukuza yule jirani mpaka akahamia Isongole na watoto wake! Mguu ukaoza, mzee akafa, na mpaka leo hakuna mtu kwenye chumba hiki aliyetamka jina la ugonjwa. Leo mimi nimepewa jina la ugonjwa wangu. Nimeambiwa nifanye nini nisife. Nafanya. Nakufa njaa nafanya, nachekwa nafanya, na nyie mnanipandisha milima kuja kunihukumu kwa ukubwa wa ugali!"

Alifungua mkoba, akaweka mashine mezani kwa kishindo.

"Kila mtu na sindano yake mpya. Nani anaanza?"

Hakuna aliyejongea. Kisha bibi Tusekile, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka muda wote, akanyoosha mkono wake mkavu.

"Nipime mimi, mwanangu."

Tano nukta sita. Tukuswiga aliisoma mara mbili. Bibi alikuwa na miaka sabini na kitu.

"Ni nzuri?" bibi aliuliza.

"Nzuri kuliko yangu, mama."

"Mimi nakula maharage na mboga," bibi alisema. "Shamba liko kule chini, naenda kwa miguu narudi kwa miguu. Hayo ya soda mmeyaleta nyie." Akageuka. "Shadrack. Leta kidole."

"Mama, siwezi kuchomwachomwa na mwanamke mbele ya—"

"Ulipokanyaga miba utotoni, ni mwanaume aliyekutolea? Leta kidole."

Shadrack alileta kidole. Mashine ilihesabu, ikasoma ishirini na moja nukta tatu.

Tukuswiga alitegemea kufurahi. Njia nzima kutoka Mpemba alikuwa ameiwaza dakika kama hii. Lakini aliiona ile namba, akamwona Shadrack anavyomeza mate, jasho limemtoka juu ya mdomo, na kilichompanda ni hasira nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa angelazimika kumhurumia.

"Shemeji, nenda hospitali kesho. Usisubiri."

Shadrack alisimama. "Mashine imechezewa," alisema. "Mmepanga." Akatoka, akawasha gari, akaondoka bila kumuaga mama yake.

Aliko alipimwa wa mwisho, akawa salama. Kikao hakikufungwa na mtu. Watu waliondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemwomba Tukuswiga radhi. Kwenye gari la kurudi Aliko alikohoa mara tatu kabla ya kuongea.

"Kesho nitakula nyumbani."

"Kesho utapika mwenyewe," alimjibu. "Mboga ziko bustanini. Kisu unakijua kilipo."

Alipika. Mboga ziliungua, na Tukuswiga alizila zote bila kumsifia. Baadaye Aliko akazoea; jioni nyingine alimfuata sokoni, wakarudi sehemu ya njia kwa miguu, yeye analalamika goti, mkewe anamwambia aongeze mwendo.

Shadrack hakwenda hospitali. Tukuswiga alimpigia simu kila Jumamosi, akapokewa mara mbili, kisha hakupokewa tena. Alisikia kwamba amenunua chupa za dawa ya kijani kwa mtu anayetangaza kwa kipaza sauti kwenye minada, na kwamba anajisikia vizuri. Baada ya miezi saba alisikia kwamba kiatu kipya kimemchubua kidole gumba.

Walimkata kidole hicho hospitalini Mbeya, pamoja na kinachofuata. Tukuswiga alikwenda na Aliko, amebeba chakula kwenye hotipoti. Kitandani Shadrack alionekana mdogo, tumbo limelala upande. Aliko alimwona kaka yake, akatoka nje kujifanya anaongea na simu.

"Ungenilazimisha," Shadrack alisema.

Tukuswiga aliweka hotipoti chini polepole, maana angeweza kuitupa.

"Usithubutu. Nilikwambia uende hospitali, ukasema mashine imechezewa. Nilikupigia, ukaacha kupokea. Ulinishtaki mbele ya ukoo mzima, Shadrack, halafu leo kidole chako nacho ni kosa langu?"

Shadrack alifumba macho, machozi yakapita pembeni kuelekea masikioni, naye hakuyafuta.

"Niliogopa," alisema. "Nilipoiona ile namba nilimwona baba."

Tukuswiga alifungua hotipoti. Kulikuwa na maharage, spinachi, samaki wa kuchoma na ugali kidogo. Shadrack alionja.

"Hamna chumvi."

"Kula."

Akala. Tukuswiga alikaa mpaka alipomaliza, ingawa alikuwa amejiapiza kwamba ataacha chakula na kuondoka. Kisha alitoka koridoni, akawakusanya watoto watatu wakubwa wa Shadrack waliokuwa wamekuja kumtazama baba yao, akawapeleka kupimwa kwenye jengo hilohilo, bila kuwauliza kama wanataka.

Hakumsamehe siku ile. Wapo wanaosema hajamsamehe mpaka leo, na ukimsikiliza anavyomtaja unaweza kukubaliana nao. Ila Jumamosi, kabla hajafungua vitenge vyake, anampigia kumuuliza amepima ngapi, na Shadrack anapokea simu kabla haijaita mara ya pili.