Tarakimu za Kaneza

Jumatatu saa mbili asubuhi, huko Baraka, mashariki mwa Kongo, mwalimu Nicolas alimwita Kaneza ubaoni akokotoe mlinganyo, na chaki haikuandika. Vumbi lake lilimwangukia miguuni, lakini ubao ulibaki mweusi.

"Nilisema," mwalimu alisema. "Hesabu haitaki batoto banamuke. Tena mukimbizi. Kaa chini."

Darasa likacheka, kisha likanakili mfano uliofuata.

Nyumbani, mama yake Cassilde alilifungua daftari. Lilikuwa jeupe toka mwanzo hadi mwisho, ingawa Kaneza alikuwa ameandika humo mwezi mzima. Cassilde alitoka Burundi kabla ya kujua kusoma, na sasa alikuwa akilima mihogo katika shamba la kukodi.

"Andika mi nikiangalia," alisema. "Na unielezee."

Kaneza akaandika. Tarakimu zikabaki. Mama alipokwenda kisimani zikaanza kufifia. Aliporudi, Kaneza akaziandika upya, na zikatulia.

"Basi nitakuwa karibu," Cassilde alisema.

Tangu hapo alilima alfajiri, kisha akaja na beseni lake kumenya mihogo kwenye mlango wa darasa. Hakuelewa kitu. Kaneza alipokwama, mama aliuliza tu, "Halafu?" na kusubiri. Zamani Kaneza alikuwa akikosea mara moja anafunga daftari. Sasa alikosea mara tatu, akafuta, akaanza tena. Kufikia Mei alikuwa akimaliza maswali ambayo mwalimu Nicolas mwenyewe aliyasoma mara mbili kitabuni. Mwalimu hakumsifu. Alilalamika kwamba kisu cha yule mama kina kelele.

Juni ulifika mtihani wa kuchagua watakaoingia sekshoni ya hesabu; wasichana walioshindwa wangepelekwa ya ushonaji. Wazazi walitakiwa kubaki nje ya ua. Cassilde akasimama kwenye fito za ua, karibu na dirisha, akisema polepole, "Endelea, mwanangu. Mi niko hapa."

Kaneza alikuwa kwenye swali la kumi na saba mlinzi alipokuja.

"Mama, unapitisha majibu."

"Majibu gani? Mi sijue hata kusoma."

Mlinzi akamshika mkono, akampeleka mbali, hadi barabara ya Fizi.

Ndani, swali la kumi na saba likafutika, kisha la kumi na sita, kisha mengine yakifuatana hadi kwenye jina lake. Kaneza aliyatazama yakienda. Hata hivyo alirudia swali la kwanza, akaandika yote ishirini hadi mwisho, kalamu ikipita juu ya karatasi nyeupe bila kuacha alama, maana majibu alikuwa anayajua.

Mwalimu Nicolas alikusanya karatasi. Kwenye ya Kaneza aliandika sifuri kwa wino mwekundu. Hiyo haikufutika.

Masomo yalipofunguliwa Kaneza alipelekwa ushonaji, akakuta wasichana kumi na mmoja wenye madaftari meupe ya hesabu. Getini palikuwa pamebandikwa tangazo jipya: siku za mtihani, wamama wakae mita mia mbili kutoka kwenye ua.