Mkaguzi Anamtaka Hai

Kwa macho matupu, mbawakawa huyu humtofautishi na binamu yake anayezagaa kila mtaro: mweusi, mdogo kama harage, mbio tupu. Tofauti iko kwenye kiungo cha uzazi cha dume, nacho hukioni mpaka umuue, umpasue, umweke chini ya hadubini. Ndiyo kazi yangu. Tunafukia vikombe vya spiriti kwenye tope, wadudu wanatumbukia, nami nawachambua katika chumba cha nyuma cha makumbusho.

Asubuhi ile kiungo kilikuwa kimepinda kama ndoana. Nilipiga kelele peke yangu. Mdudu tuliyedhani ametoweka alikuwa akiishi nyuma ya stendi, kwenye kinamasi cha mwisho mjini, ambacho siku hiyo hiyo kilikuwa kikifukiwa ili yajengwe maghala.

Nikampigia simu mkaguzi wa mazingira.

"Yuko hai?" akauliza.

"Yuko kwenye chupa. Bila kumuua nisingemjua."

"Mama, siwezi kusimamisha mitambo kwa ajili ya maiti. Nakuja saa nane. Nionyeshe hata mmoja anayetembea, uhakika utafuata baadaye."

Nilikimbilia kinamasini. Dereva wa katapila alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Aliponiona nimepiga magoti nikimwagia maji mizizi ya matete ili wadudu watoke, alicheka akashika tumbo.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wewe shemeji umezidi! Mende nyumbani hawapo?"

"Nipe muda, shemeji. Nakuomba."

Akaacha kucheka. Akazima mtambo, akajifanya anapima oili. Msimamizi akamfokea; akapima tena. Mimi nilimwaga maji, nikakanyaga tope, wakatoka buibui, wakatoka vyura. Mbawakawa hakutoka hata mmoja. Vikombe vyetu vilikuwa vimekaa pale wiki nzima, vikiwapokea wote waliopita.

Mkaguzi alikuja, akasubiri kwa adabu, akatazama viatu vyake, akaondoka. Shemeji aliniangalia kutoka juu. "Nisamehe," akasema, akawasha mtambo, akaendelea kufukia. Nilisimama pembeni na ndoo yangu tupu, nikalia bila haya.

Jioni shemeji alibisha hodi nyumbani kwangu, akiwa bado na nguo za kazi. Alikuwa na kiberiti mkononi, kitu kikikwaruza ndani yake.

"Nilikuwa naosha minyororo ya mtambo. Huyu katoka kwenye tope, mzima kabisa!" Uso wake uling'aa. "Ndiye?"

Nilifungua kidogo. Mweusi, mdogo kama harage, akizunguka kona hadi kona.

"Sijui, shemeji."

"Hujui vipi, na wewe ndiye mtaalamu?"

"Nikitaka kujua, nimuue."

Akakipokea kiberiti, akakaa kitini. Kisha akakifunga taratibu.

"Basi tusijue," akasema. "Twende tukamwachie kwao."

Akainuka kabisa, akafika mlangoni, ndipo akakumbuka alichokifukia mchana ule.